Saa za mpiga picha na kamati iliyokwisha kuvunjwa: uchambuzi wa kisa cha harusi moja ya Dar es Salaam

Kisa hiki kinaelezwa kwa idhini ya pande zote mbili zilizohusika. Majina, kanisa, ukumbi, tarehe kamili na mahusiano ya kifamilia ambayo yangeweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa. Viwango vya fedha vimebaki kama vilivyokuwa, kwa sababu bila hivyo hakuna cha kujifunza. Mimi niliingia katika jambo hili mwishoni, nikiwa msuluhishi: mpiga picha aliwahi kuwa msaidizi wangu kwa miaka miwili, na mwenyekiti wa kamati ni mtu tuliyekwisha kufanya kazi pamoja katika harusi nyingine.

Usuli

Mpiga picha ni dada aliyekuwa na miaka sita katika kazi hii na ofisi ya chumba kimoja Kinondoni. Kifurushi alichokiita cha siku nzima alikiuza kwa Sh 1,800,000, nacho kilikuwa na wapiga picha wawili, picha zilizohaririwa na albamu moja. Bwana harusi alimpata kupitia rafiki, akaipenda kazi yake, akamwelekeza kwa kamati.

Msomaji aliyewahi kukaa katika vikao vya harusi za mjini anajua kwamba hapo ndipo mteja mmoja anapogeuka kuwa watu wengi. Anayetaka picha ni maharusi, anayeamua ni mwenyekiti wa kamati, na anayetoa fedha ni mweka hazina, naye hutoa kutokana na michango ya watu ambao wengine wameahidi na bado hawajatimiza. Kamati hii ilikuwa imetenga Sh 2,600,000 kwa picha na video, na mpiga video alikwisha kukubaliwa kwa Sh 1,200,000. Kilichobaki kilikuwa Sh 1,400,000. Mwenyekiti alimpigia simu mpiga picha, akamwambia, “Mwanangu, bajeti yetu ndiyo hiyo, tusaidie.” Mpiga picha akakubali. Hakuondoa albamu wala msaidizi, na hakupunguza muda wa kazi hata kidogo.

Makubaliano yalikuwa ujumbe mmoja wa WhatsApp alioutuma kwa bwana harusi, ambaye aliupeleka katika kundi la kamati. Sehemu iliyohusu muda ilisema hivi: “Tutakuwa nanyi siku nzima, kuanzia maandalizi saluni hadi ukumbini.” Malipo yalipangwa kwa awamu tatu: Sh 700,000 za kushika tarehe, Sh 300,000 wiki ya harusi, na Sh 400,000 wakati wa kukabidhi kazi.

Kichwani mwake mpiga picha alikuwa na hesabu kamili, yaani kuanza saa tatu asubuhi na kumaliza saa tatu usiku, jumla ya saa 12. Hesabu hiyo hakuiandika popote.

Mtiririko wa siku yenyewe

Harusi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane. Mpiga picha alifika saluni saa tatu asubuhi kama alivyojipangia, msaidizi wake akaenda alikokuwa bwana harusi. Bibi harusi alikuwa ametangulia, lakini mbele yake kulikuwa na kichwa cha mpambe na vichwa vya wasimamizi wengine watatu. Vipodozi vyake vilianza kupakwa baada ya saa tano, gauni likavaliwa saa saba, na gari likaondoka saa saba na nusu.

Ibada iliyopangwa kuanza saa nane kamili ilianza saa nane na dakika arobaini, kwa kuwa siku hiyo zilifungwa ndoa mbili na maharusi wa pili walichelewa. Ilimalizika saa kumi na robo. Kwenye ngazi za kanisa, picha za makundi zilichukua karibu saa nzima, maana kila ukoo ulitaka kupiga peke yake na kisha kupiga tena pamoja na wazee waliokuwa wamekwenda kutafuta kivuli. Kutoka hapo msafara ulielekea ufukweni, ukakwama kwenye foleni, na maharusi wakashuka garini saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Katika mwezi huo jua la Dar es Salaam hutua saa kumi na mbili na nusu hivi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta giza halichelewi baada ya hapo. Picha za ufukweni zilipigwa kwa dakika thelathini na tano.

Kadi ya mwaliko ilisema shughuli ukumbini ingeanza saa kumi na mbili jioni. Maharusi waliingia saa mbili na nusu usiku. Saa tatu kamili, muda ambao mpiga picha alikuwa ameuweka moyoni kuwa ndio mwisho wa kazi yake, mshereheshaji alikuwa bado anatambulisha meza kuu. Keki ilikuwa haijakatwa na chakula kilikuwa hakijafunguliwa.

Hapa pana jambo dogo ambalo nimemwomba anisimulie mara tatu, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Alitoka pembeni mwa ukumbi, akampita mwenyekiti aliyekuwa akizungumza na wapishi, akamkuta mpambe wa bwana harusi karibu na mlango. Akamwinamia, akamwambia kwamba muda wake umekwisha na kwamba akiendelea kutakuwa na gharama ya nyongeza. Muziki ulikuwa juu. Mpambe alimshika bega, akatabasamu, akajibu, “Endelea tu dada, tutaongea.” Akaendelea.

Msaidizi aliondoka saa nne, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingine Jumapili asubuhi na usafiri wa kurudi kwao ulikuwa unaanza kuwa mgumu. Baada ya saa nne na nusu flashi ilianza kuchelewa kuwaka, na betri za akiba zilikuwa zimekwisha. Saa tano na robo, wakati zawadi zikiendelea, mpiga picha aliaga na kuondoka. Zawadi za mwisho zililetwa na shangazi za bwana harusi, waliokuwa wamesafiri kutoka mkoani, na ambao waliingia wakicheza na vitenge vyao vya sare muda mfupi baada ya yeye kutoka mlangoni. Ukumbi ulifungwa saa sita. Shangazi hao hawana picha hata moja ya kuingia kwao isipokuwa zile zilizopigwa kwa simu.

Ankara na ukimya

Siku ya nne baada ya harusi, mpiga picha alimtumia bwana harusi ankara ya Sh 400,000 zilizobaki pamoja na Sh 300,000 za muda wa nyongeza, yaani saa mbili kwa Sh 150,000 kila saa. Kiwango hicho kilikuwa hakijawahi kutajwa kwa mtu yeyote. Bwana harusi, aliyekuwa bado safarini na mkewe, aliipeleka kwa kamati bila kuisoma vizuri.

Kamati ilikaa kikao chake cha mwisho Jumapili ya pili baada ya harusi. Hesabu zilisomwa, ikaonekana baadhi ya ahadi hazikutimizwa, deni la ukumbi likalipwa kwanza, na kamati ikavunjwa. Mwenyekiti alimjibu mpiga picha kwa upole kwamba hakuna tena mfuko wa kulipia. Aliongeza neno ambalo lilimuumiza zaidi: kwamba kwa maelewano ya kamati, “hadi ukumbini” ilimaanisha hadi shughuli ya ukumbini iishe, kwa hiyo yeye ndiye aliyeondoka kabla ya kazi kukamilika.

Mpiga picha akazuia picha zote. Wiki sita zilipita. Bibi harusi alimpigia mara mbili akilia.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Nilipokaa nao nilimtaka kila upande ueleze kwa nini uliamua ulivyoamua, kabla ya kuzungumzia fedha.

Mpiga picha alikubali bei ya Sh 1,400,000 bila kuondoa kitu kwa sababu alihofia kuipoteza kazi. Miezi ya Kwaresima ilikuwa imempita kavu, kama inavyowapita wengi wetu ambao wateja wetu wakubwa ni Wakristo, na aliihitaji tarehe hiyo. Hakuandika muda kwa kuwa aliona kutaja saa mbele ya wazee wa kamati kungeonekana kama kuwabana. Alimfuata mpambe kwa sababu ndiye kijana mwenzake, na kumkatiza mwenyekiti mbele ya wageni aliona ni utovu wa adabu. Alizuia picha kwa kuwa, kwa maneno yake, hicho ndicho kitu pekee alichokuwa amebaki nacho mkononi.

Mwenyekiti naye alikuwa na sababu. Hakujua kwamba mpiga picha huuza saa. Fundi wa mapambo analipwa kwa ukumbi, mpishi kwa idadi ya sahani, mshereheshaji kwa shughuli, na katika miaka yake yote ya kusimamia harusi hakuna aliyewahi kumweleza kwamba picha zina kipimo kingine. Kuhusu “tutaongea” ya mpambe, alisema mpambe hakuwa na mamlaka ya kutumia hata shilingi moja ya kamati, na hilo ni kweli.

Matokeo

Tulimaliza hivi. Bwana harusi alilipa Sh 400,000 kutoka mfukoni mwake kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilipoingia, mpiga picha alikabidhi picha 60 siku hiyo hiyo, na zilizobaki alizikabidhi ilipoingia ya pili. Dai la nyongeza lilipunguzwa kuwa Sh 150,000, na bwana harusi akalipa pia, ingawa kwa shingo upande. Picha za simu za shangazi zilikusanywa kwa ndugu, zikasafishwa kadiri ilivyowezekana, na nane kati yake zikaingia kwenye albamu. Mpiga picha alipoteza harusi ya mwezi wa kumi na mbili ambayo mwenyekiti yule yule alikuwa akiisimamia na ambayo alikuwa amekwisha kuahidiwa kwa mdomo.

Uchambuzi: saa zilikuwepo, zilitumika mahali pasipofaa

Wengi niliowasimulia kisa hiki husema kosa lilikuwa kukosa mkataba. Ni kweli, lakini mkataba wenye saa zile zile ungetoa siku ile ile na shangazi wale wale wasiokuwa na picha, tofauti ikiwa ni kwamba kila mtu angejua mapema nani wa kulaumiwa. Nilitaka kuona saa zenyewe zilikwenda wapi, na kwa bahati nzuri kamera huandika muda wa kila picha.

Picha zilizokabidhiwa zilikuwa 420. Maandalizi ya pande zote mbili yalitoa 38, kanisani 130, ufukweni 72, na ukumbini 180. Kati ya hizo 180, picha 110 zilipigwa baada ya saa tatu usiku, yaani ndani ya muda ambao kwa hesabu ya mpiga picha haukuwa umeuzwa. Saluni mpiga picha alikaa saa nne na nusu, lakini picha 31 kati ya zile 38 za maandalizi zilipigwa baada ya saa sita mchana. Saa tatu za kwanza za siku yake zilimpa picha saba: viatu, pete, gauni likining'inia, na mpambe akiwa kwenye mashine ya nywele.

Kama angeanza saa sita mchana na kumaliza saa tano usiku, angefanya kazi kwa saa 11 badala ya 12, na keki, chakula na sehemu kubwa ya zawadi vingekuwa ndani ya makubaliano. Tunapanga muda kuanzia asubuhi kwa mazoea, tukihesabu kwenda mbele hadi saa tulizouza ziishe, na zinaishia pale pale shughuli inapoanza kupamba moto. Harusi zetu huchelewa kwa kwenda mbele. Kwa hiyo muda uhesabiwe kurudi nyuma: ukumbi unafungwa saa ngapi, zawadi huja lini kabla ya hapo, ibada ni saa ngapi, na gauni litavaliwa saa ngapi. Saa moja na nusu kabla ya bibi harusi kutoka saluni inatosha kabisa kwa mpiga picha anayejua anachokitafuta.

Ipo hoja ya kweli dhidi ya pendekezo hili. Mpiga picha anayefika saa sita anaweza kukwama njiani na kukosa gauni likifungwa, na kosa hilo halirekebishiki. Dawa ni kuwa karibu na saluni mapema bila kuanza kazi, na kuiingiza gharama hiyo ndogo kwenye bei.

Uchambuzi: bei ya saa ya nyongeza

Mpiga picha alitoa wapi Sh 150,000 kwa saa? Alikiri kwamba alikisikia kwa mwenzake. Tukaketi na kalamu. Katika Sh 1,400,000 alimlipa msaidizi Sh 150,000, usafiri Sh 90,000, kukodi lenzi Sh 60,000, na albamu Sh 280,000. Zilibaki Sh 820,000. Muda wake ulikuwa saa 14 na robo siku ya harusi, karibu saa 6 za vikao na simu, na saa 40 za kuchagua na kuhariri, jumla ikikaribia saa 60. Alipata chini kidogo ya Sh 14,000 kwa saa, na humo ndimo inamotakiwa kutoka kodi ya ofisi, umeme na akiba ya kamera itakayochoka.

Hesabu hiyo ilimfundisha mambo mawili. Kwanza, kila saa ya kupiga picha humzalia karibu saa tatu za kuhariri, kwa hiyo saa moja ya nyongeza ni kazi ya saa nne, yaani kama Sh 55,000. Ukiongeza malipo ya msaidizi kubaki na usafiri wa usiku, unafika karibu na Sh 100,000. Hicho ni kiwango anachoweza kukitaja mapema na kukitetea mbele ya mweka hazina yeyote. Kile cha Sh 150,000, kilichokuja baada ya shughuli, kilipokewa kama faini, na nadhani walioipokea hivyo hawakukosea sana. Pili, punguzo la Sh 400,000 alilolitoa kwa simu moja lilizidi dai zima la nyongeza alilogombania kwa wiki sita. Angeweza kuondoa albamu, ambayo peke yake ilikuwa Sh 280,000, au kumwondoa msaidizi baada ya ibada. Kamati huelewa punguzo linaloondoa kitu, maana hivyo ndivyo wanavyozungumza na mpishi kuhusu idadi ya sahani.

Uchambuzi: maneno, mtu na wakati

“Hadi ukumbini” ni maneno ambayo kila upande uliyasoma kwa uaminifu. Kwa mmoja ukumbi ulikuwa kituo cha mwisho cha safari, kwa mwingine ulikuwa shughuli ya mwisho ya siku. Hata kuandika “saa 12” kungekuwa na hatari yake, kwa sababu katika lugha yetu maneno hayo hayo yanaweza kuwa urefu wa kazi au saa kumi na mbili ya jioni. Ninashauri kuandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kila moja ikifuatiwa na neno mchana au usiku, kisha jumla.

Ruhusa ya nyongeza iliombwa kwa mtu asiyekuwa na mamlaka, na iliombwa muda ukiwa umekwisha. Kibaya zaidi, dai lilifika baada ya mfuko kuanza kufungwa. Hili la kamati kuvunjwa ndilo tunalolisahau kila mara. Kampuni inaweza kupelekewa ankara mwezi unaofuata, lakini kamati ya harusi hufa ikishasoma hesabu, na anayebaki ni bwana harusi aliyemaliza akiba yake. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo, kwa hiyo pengine angeweza kudai mahali pengine. Hata hivyo sijui mpiga picha wa harusi ambaye biashara yake ilistawi kwa kuwashitaki maharusi.

Yapo aliyoyafanya vyema na ninayataja kwa moyo. Hakuondoka saa tatu, ingawa aliamini muda wake umekwisha. Alihifadhi picha mahali pawili usiku ule ule. Alikuwa na kumbukumbu ya kila malipo, jambo lililofupisha usuluhishi. Kuzuia picha zote lilikuwa kosa: sehemu kubwa ya fedha alikwisha kulipwa, na anayeadhibiwa kwa kuzuia picha ni bibi harusi, ambaye hakuwahi kukaa kwenye kikao chochote cha bei. Angekabidhi sehemu inayolingana na alicholipwa na kubakisha zilizosalia, angekuwa na nguvu ile ile bila machozi yale.

Kilichobadilika

Makubaliano yake ya sasa ni ukurasa mmoja, na hutiwa saini na bwana harusi pamoja na mweka hazina. Sehemu ya muda inasema: “Kazi inaanza saa sita kamili mchana saluni na kumalizika saa tano kamili usiku ukumbini, jumla ya saa 11. Nusu saa kabla ya kumaliza, mpiga picha atamjulisha mweka hazina. Kila saa inayoongezwa kwa idhini yake ni Sh 100,000. Kamati itatenga Sh 100,000 kwa ajili hiyo, na isipotumika itabaki kwa kamati.”

Harusi ya kwanza chini ya maneno hayo ilichelewa kama ile ya awali. Saa nne na nusu usiku alimfuata mweka hazina, mama wa makamo aliyekuwa na daftari mapajani, akamwambia, “Mama, imebaki nusu saa, na zawadi za upande wa bibi harusi bado.” Mama yule aliangalia daftari, akainuka, akaenda kumnong'oneza mshereheshaji. Muziki ukakatwa, na shangazi wakaitwa kabla ya kwaya iliyokuwa imepangwa kuwatangulia. Mpiga picha aliondoka saa tano kamili, na Sh 100,000 zikabaki kwenye bahasha.